Nguo za mtoto ziwe za mwisho: ninavyokushauri ujiandae miezi mitatu kabla ya kujifungua

Kazi yangu ni kupima watu. Nina kibanda cha ushonaji Mbagala, cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya kukanyaga, na futikamba haitoki shingoni hata nikienda sokoni. Kwa hiyo siku nesi wa kliniki aliponilaza kitandani akavuta futikamba ya kwake kutoka kwenye mfupa wa kinena mpaka pale tumbo linapoishia juu, nilishindwa kujizuia, nikachungulia. Ilisoma 28.

"Sentimita?" nikamuuliza.

"Sentimita, na wiki pia, mama," akanijibu.

Akanieleza kwamba kuanzia kama wiki ya 24 hadi ya 36 namba hizo mbili huenda pamoja, na zikitofautiana kwa mbili hakuna anayeshtuka. Ikizidi hapo ndipo wanaanza kujiuliza: tarehe ilikosewa? Ni mapacha? Mtoto hakui vizuri? Tangu siku hiyo nikawa nakwenda kliniki kwa hamu, kama mteja anayekuja kujaribu gauni.

Nimejifungua mara mbili. Wa kwanza 2018 kwa mama yangu Lindi, wa pili Mei 2024 hapa Dar es Salaam. Ile mara ya kwanza nilijiandaa kwa kitu ninachokijua, yaani nguo. Nilishona suti ndogo tano, kofia saba, mablanketi yenye lemu, na pazia la kitanda cha mtoto ambalo mpaka leo limefunika mashine. Chupa ilipopasuka usiku, kadi ya kliniki ilikuwa kwenye mkoba mwingine, hela yote ilikuwa noti mbili za elfu kumi ambazo mwenye pikipiki hakuwa na chenji yake, na khanga nilizobeba zilikuwa mpya, kavu kama karatasi. Mtoto alipokelewa kwenye khanga ya kuazima kwa mama wa kitanda cha jirani. Haya ninayoandika ni ya mara ya pili, na anayekwambia nguo ziwe za mwisho ni mshona nguo. Mimi si nesi. Pale nesi wako anapokwambia tofauti na mimi, msikilize yeye.

Anza na tarehe

Chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3. Yangu ilikuwa 15 Agosti 2023. Ongeza saba unapata 22, rudi nyuma miezi mitatu unapata Mei, ila ya mwaka unaofuata. Tarehe 22 Mei 2024. Hesabu hii inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 au karibu na hapo. Kama hukumbuki tarehe, au mzunguko wako unarukaruka, utrasaundi ya miezi ya mwanzo ndiyo inayokadiria vizuri; ile ya mwezi wa nane inaweza kukosea hata kwa wiki mbili tatu.

Sasa usiishike hiyo tarehe kama tiketi ya basi. Mtoto anahesabika ametimia kuanzia wiki ya 37, na wengine wanangoja hadi wiki ya 41. Wangu wa pili alikuja 17 Mei, siku tano kabla. Kwa hiyo kila kitu kwenye maandalizi yako kiishe wiki ya 36. Andika tarehe hiyo ukutani, si ile ya kujifungua.

Kliniki za mwishoni ndizo zenye kazi

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito ahudhurie mara nane, na tano kati ya hizo ziko huku mwishoni: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunahudhuria vizuri mwanzoni, tumbo likishakuwa zito tunaanza kusema jua kali, foleni ndefu, nitakwenda wiki ijayo. Nenda. Fika saa moja asubuhi, beba maji na kitafunwa, na usitoke pale bila kujua namba zako.

Ya kwanza ni presha. Ikifika 140 juu au 90 chini, kuna jambo la kuangaliwa, hata kama wewe unajisikia mzima. Ya pili ni damu: chini ya 11 umepungukiwa. Ya tatu si namba, ni mkojo. Waulize kama wameona protini, kwa sababu protini ikikutana na presha ya juu, hapo ndipo panapozaliwa kifafa cha mimba. Ya nne, kuanzia wiki ya 36, uliza mtoto amelalaje. Kichwa kiko chini? Kama ametanguliza matako au amelala kimkingamo, ni vizuri ukajua mapema ili mpange hospitali yenye uwezo wa upasuaji, si zahanati ya mtaani.

Na kundi lako la damu likae kwenye kadi. Kama ni hasi, waambie tena na tena, maana kuna sindano ya Anti-D inayohusika na mtoto wako na wale watakaofuata, na baada ya kujifungua ina saa zake 72. Tafuta pia ndugu wawili walio tayari kuchangia damu, uwaombe kabla, si usiku wa tukio.

Vidonge vitatu vya SP vya kukinga malaria utavimeza mbele ya nesi, na utapewa tena kila mwezi unapohudhuria (wanaotumia septrini hawapewi, wana utaratibu wao). Vile vyekundu vya kuongeza damu unapewa ukameze nyumbani, na hapo ndipo ujanja unapoanza. Nakujua, nilikuwa naviweka kwenye kopo la vifungo. Vinafanya choo kiwe cheusi na kigumu, ni kweli, na haidhuru. Kunywa maji mengi, kula mapapai na mboga za majani. Ila usivimeze na chai. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Meza na maji, ule chungwa, chai ije baadaye.

Kwenye mimba ya kwanza nilikuwa mlaji wa udongo wa pemba, ule unaouzwa sokoni kwa mafungu. Sikuwa nalala bila kipande. Damu ilishuka mpaka 9 na nilikuwa napanda ngazi tatu za zahanati nikitweta kama nimekimbizwa. Mara ya pili hamu ilirudi vilevile. Nilikuwa nachukua barafu ya kutafuna, au mhogo mbichi kidogo. Haikuisha, ilipungua tu.

Kibubu na kijumbe

Sera inasema huduma ya mjamzito ni bure. Pamoja na hayo, kwenye vituo vingi utapewa orodha ya vifaa uje navyo, na kuna usafiri, kuna chakula cha anayekusindikiza, kuna dawa itakayokosekana dirishani. Usiingie mwezi wa tisa mfuko mtupu.

Mimi nilifanya mambo mawili. Kuanzia wiki ya 26 nilitumbukiza shilingi 2,000 kila siku kwenye kibubu cha mbao, hata siku isiyo na mteja. Hadi wiki ya 36 ni siku 70, yaani 140,000. La pili, nacheza mchezo na mafundi wenzangu na mama lishe wawili, watu kumi, 30,000 kila baada ya wiki mbili. Nikamfuata kijumbe, yule anayekusanya na kugawa hela za mchezo, mapema, nikamwambia shoga, mimi naomba zamu yangu iangukie mwishoni mwa Aprili, aliyepo pale nibadilishane naye. Alikubali kwa sababu nilimwomba mwezi wa kwanza. Ukienda kumwomba tumbo limeshashuka, utakuta zamu imeshaahidiwa kwa mwenye ada za shule.

Nusu ya hela iweke kwenye simu, nusu iwe noti za elfu moja na elfu mbili. Saa nane usiku hakuna mwenye chenji.

Ukiwa umeajiriwa, sheria inakupa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 ukijifungua zaidi ya mmoja, na baba anazo tatu. Mpe mwajiri barua mapema. Mimi mwajiri wangu ni cherehani, haijui likizo, kwa hiyo nilibandika karatasi mlangoni: kuanzia wiki ya mwisho ya Aprili sipokei kitambaa. Wateja wawili walinuna. Mmoja alirudi.

Mwili wenyewe

Mwaka ule Ramadhani ilianza 12 Machi, mimi nikiwa wiki ya 30 kamili, na Idi ikawa 10 Aprili. Anayejua kazi yetu anaelewa maana yake: ndiyo mwezi wa kulala kibandani. Madera, kanzu za watoto, sare za familia nzima, kila mtu anataka juzi. Funga yenyewe niliiacha kwa ruhusa iliyopo kwa mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto, nikaja kuilipa. Kazi sikuiacha, ila niligawa. Cherehani ya kukanyaga nikamwachia binti ninayemfundisha, mimi nikakaa kwenye ya umeme, mguu mmoja juu ya kigoda. Kila nikimaliza nguo moja nasimama, natembea mpaka kwa muuza maji na kurudi. Ukikaa saa tatu mfululizo miguu inajaa mpaka kandambili haiingii.

Miguu kuvimba jioni ni kawaida, asubuhi inapungua. Uso na vidole vya mikono kuvimba si kawaida. Mimi kipimo changu kilikuwa kile kidude cha chuma tunachovaa kidoleni tunapopiga sindano. Siku kiligoma kuingia asubuhi, nilikwenda kupimwa presha siku hiyohiyo. Ilikuwa sawa, lakini sijutii nauli.

Kiungulia: kula kidogo mara nyingi, acha vya kukaanga usiku, usilale mara tu baada ya kula. Mama mkwe alisema kiungulia ni nywele za mtoto. Wa kwanza alizaliwa na nywele za kusuka, wa pili upara unaong'aa, na kiungulia kilikuwa kilekile.

Usingizi ndio uliokuwa vita. Kuanzia wiki ya 28 lala ubavu, wa kushoto ukiweza, usilale chali, kwa sababu uzito wa tumbo unabana mishipa mikubwa na damu ya mtoto inapungua. Ukijikuta umelala chali usishtuke, geuka tu. Kilichonisaidia ni mto mrefu niliojishonea. Chukua kitambaa cha pamba mita moja na nusu, kikunje katikati kwa urefu, shona upande mrefu na mmoja mfupi kwa mshono wa mara mbili, geuza. Jaza mabaki ya vitambaa yaliyokatwakatwa pamoja na sponji ya magodoro. Usijaze kikakaza, kiwe kinapinda. Kisha funga mdomo kwa mkono. Ncha moja inakaa chini ya tumbo, nyingine katikati ya magoti. Mume wangu aliuita mke mwenza.

Na mtoto anavyocheza, jifunze tabia yake. Wangu alikuwa mtu wa jioni, baada ya mlo, akisikia cherehani ya umeme inanguruma anapiga mateke. Ukiona siku hiyo kimya, kula kitu, lala ubavu, tulia uhesabu. Kama saa mbili zinapita hujafikisha mara kumi, usingoje kesho, wala usidanganywe kwamba mwisho wa mimba mtoto huacha kucheza. Haachi. Nenda.

Watu na njia

Hapa ndipo ningetaka usome mara mbili.

Mama yangu alikuwa aje kutoka Lindi kunilea. Tulipanga apande basi Jumamosi tarehe 4 Mei, mimi nikiwa wiki ya 37. Siku hiyohiyo kimbunga Hidaya kikafika pwani, upande wa Mafia. Mvua za masika zilikuwa zimeshaloanisha kila kitu tangu Aprili, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Mama akabaki huko na mabegi yake na kuku wawili aliowafunga miguu. Mimi huku nimelala nasikiliza mabati, mume hajarudi, tumbo linakaza na kuachia. Ule haukuwa uchungu wa kweli, lakini usiku ule sikujua.

Kwa hiyo mtu atakayekuja kukulea afike wiki ya 36, si siku ya mwisho. Na uwe na mtu wa akiba wa karibu, mwenye ufunguo wa nyumba yako, atakayemchukua mtoto mkubwa usiku bila maswali. Mimi akiba yangu alikuwa jirani muuza vitumbua, ambaye saa kumi alfajiri yuko macho hata hivyo.

Usafiri nao upange kama unapanga harusi. Kwetu bajaji haifiki mlangoni, na mvua ikinyesha haifiki hata kwenye kona. Jioni moja mimi na mume wangu tulitembea mpaka barabara ya lami kwa mwendo wa tumbo langu: dakika 11, na sehemu mbili za kuvuka maji. Tukachukua namba za madereva watatu wanaolala mtaani kwetu, tukaziandika kwa kalamu nene nyuma ya mlango, maana simu huzima. Watatu, usione nimezidisha. Usiku wa kujifungua, dereva wa kwanza hakupokea, wa pili alikuwa hapatikani, wa tatu akaja na fulana ya kulalia. Chini yake tuliandika 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito, na namba ya kituo chenyewe.

Amueni pia mapema nani anaruhusiwa kusema twende. Kuna nyumba mwanamke anaumwa, mume yuko safarini, na wote wanangoja simu yake. Mume wangu alimwambia mama yake mbele yangu: akisema anakwenda, anakwenda, msinitafute kwanza.

Mkoba

Sasa ndiyo tunafika kwenye vitambaa, na nitajizuia.

Kadi ya kliniki kwanza, kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na kitambulisho na kadi ya bima kama unayo. Kisha orodha ya kituo chako, maana kila kituo kina yake. Yangu ilikuwa na mpira wa kulalia, glovu, pamba, kibanio cha kitovu, wembe mpya, pedi kubwa za uzazi, beseni na ndoo. Ongeza sabuni ya kipande, mswaki, kandambili, kikombe, chupa ya chai, chaja, na gauni la vifungo vya mbele. Usipeleke gauni la zipu ya mgongoni ukategemea kunyonyesha. Nimeshashona zaidi ya moja kwa wazazi waliokuja kunirudia wakilia.

Khanga chukua doti tatu, yaani vipande sita. Ziwe zimefuliwa mara tatu au nne, mpaka ule ugumu wa dukani utoke. Khanga mpya haifyonzi maji, rangi inachuja, na inakwaruza ngozi ya siku moja. Khanga kuukuu ya mama yako ndiyo hariri. Halafu soma jina la khanga kabla hujaipakia. Mimi nilibeba moja niliyoinunua wakati nimegombana na jirani, na nesi aliyenipokea akaisoma kwa sauti wodi nzima. Tulicheka, mimi nikiwa nimeshika kitanda.

Za mtoto: nguo tatu nyepesi, kofia mbili, soksi, shali au flaneli moja nzito, na nepi kama kumi na mbili za kitambaa cha pamba kilicholainika, kipande cha sentimita 60 kwa 60 kinachokunjwa pembe tatu. Pampasi chache za usiku si dhambi. Nguo iwe na kamba za kufunga mbele, si ya kupitishia kichwani. Mshono unaogusa ngozi ugeuze nje. Usishone vifungo wala shanga. Basi.

Weka mkoba karibu na mlango, na mwonyeshe mume kila kitu kilipo. Usimwambie tu, mwonyeshe. Wanaume wanatafuta pedi kwa kumwaga mkoba mzima sakafuni.

Usingoje uchungu kwa haya

Ondoka nyumbani saa hiyohiyo ukiona damu inatoka, hata bila maumivu. Kondo la nyuma linaweza kuwa limekaa mbele ya njia. Kichwa kinachouma kisichosikia dawa, kuona maruweruwe au vimulimuli, maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia, uso kuvimba. Homa. Kupumua kwa shida. Maji kutoka kabla ya wiki ya 37. Mtoto kunyamaza. Na degedege, lakini aliyeshikwa nayo hawezi kusoma hapa, kwa hiyo mwonyeshe sehemu hii mtu unayeishi naye.

Siku yenyewe

Wiki za mwisho tumbo litakuwa linakaza kisha linaachia. Ukitembea au ukinywa maji likatulia, huo ni wa uongo. Wa kweli una mpangilio, unaanzia mgongoni unazunguka mbele, unakaribiana na unaongezeka nguvu, na kutembea hakuuzimi. Unaweza kuona ute wenye damu kidogo kabla yake. Chukua simu, andika saa kila unapoanza. Kwa mimba ya kwanza, ukifika kila dakika tano kwa saa nzima, ondoka. Kwa ya pili na kuendelea, au kama unakaa mbali, usingoje hesabu hiyo. Chupa ikipasuka, nenda hata kama huumwi popote, angalia na rangi: maji ya kijani maana yake mtoto amejisaidia ndani, ongeza mwendo.

Wangu ulianza Alhamisi saa tano usiku. Nilikoga, nikala uji, nikatembea ukumbini huku nikimkunjia mwanangu sare za shule. Saa nane tulikuwa kwenye bajaji. Kupimwa, nimefunguka sentimita 6. Fundi cherehani anajua sentimita 6 ni nini, ni pindo la gauni. Zinatakiwa 10. Hizo nne zilizobaki ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kupima. Simama, tembea, chuchumaa, egemea ukuta, kojoa kila baada ya muda, kunywa maji. Omba usaidiwe na mtu wako kama kituo kinaruhusu. Usisukume kabla hujaambiwa.

Na usinywe dawa ya miti shamba ya kuharakisha uchungu, hata ikija mkononi mwa shangazi unayemheshimu. Ina nguvu isiyo na kipimo, na tumbo la uzazi linaweza kupasuka. Mimi niliipokea kikombe, nikashukuru, nikamwagia mchicha.

Akishatoka

Mtoto awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa moja. Yale maziwa mazito ya njano, dang'a, usiyakamue ukamwaga ukidhani ni machafu. Ndiyo kinga yake ya kwanza. Asipewe maji, wala asali, wala maji ya sukari, miezi sita yote ni ziwa tu. Kumwogesha kungoje saa 24. Kitovu kiachwe kikavu, bila mate, samli wala majivu. Kabla hujaruhusiwa ulizia chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio, na hakikisha umeondoka na tangazo la kizazi lenye majina yaliyoandikwa sawasawa, kwa sababu ndilo utakalopeleka kuombea cheti. Kosa la herufi moja nililolipata kwa mwanangu wa kwanza lilinigharimu safari nne.

Kwako wewe: pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, rudi hospitali. Homa, harufu mbaya, mguu mmoja kuuma na kuvimba, rudi. Kama machozi hayakauki baada ya wiki mbili, humtaki mtoto, au unawaza kujidhuru, sema, usifiche. Nao ni ugonjwa unaotibika. Mama alifika barabara ilipofunguka, akiwa na kuku mmoja tu, na jambo la kwanza alilouliza baada ya kujifungua kwangu ni sufuria kubwa. Alitaka kunikanda kwa maji yale ya kutoka motoni, kama alivyonikanda 2018 nikaungua paja. Tulielewana: maji ya vuguvugu, kitambaa laini, mgongoni na miguuni, tumboni asiguse. Aliyefanyiwa upasuaji asikandwe kabisa. Uji wake wa pilipili manga na supu sikuvikataa hata siku moja. Kliniki ya mama na mtoto nenda ndani ya wiki ya kwanza, kisha siku ya 42, na hapo ndipo uulize habari za uzazi wa mpango.

Mwanangu alipimwa kichwa: sentimita 34. Kofia niliyomshonea ilikuwa ya 40, ikamshukia mpaka puani. Siku ya tano nilikaa kitandani, mama akiwa amembeba, nikaipunguza kwa sindano ya mkono.